Anajua lakini hafanyi: mwongozo wa kuusaidia ubongo wa mbele

Jamaa mmoja niliyekuwa namsaidia baada ya kuumia kichwa alinieleza, bila kukosea hata kidogo, namna ya kufua shati. Unaliloweka, unapaka sabuni, unasugua kola na makwapa kwanza kwa kuwa ndiko uchafu unakoganda, unasuuza mara mbili, unakamua, unaanika. Nikamwambia haya basi, beseni hilo, maji hayo, shati hilo. Dakika kumi baadaye shati lilikuwa limelowa, kipande cha sabuni hakijaguswa, na yeye anafunika na kufunua ndoo iliyokuwa karibu na mkono wake wa kulia. "Kaka, tunafanya nini hapa?" Akajibu papo hapo, "Tunafua shati," kisha akafunika ndoo tena.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa amesahau. Mwaka 1996 mwanasaikolojia John Duncan na wenzake waliieleza hali hii kuwa ni kupuuzwa kwa lengo: mtu anaijua kanuni, anaweza hata kuitamka, lakini mwili unaendelea kana kwamba kanuni haipo. Ukilielewa hilo, nusu ya ugomvi wa nyumbani unapoa, maana ugomvi mwingi huanza na "si nilikwambia?" Ulimwambia, ndiyo. Na alikusikia.

Mwongozo huu ni wa anayeishi au kufanya kazi na mtu wa namna hiyo: aliyeumia kichwa, aliyepata kiharusi, mtoto au mtu mzima ambaye umakini wake hautulii, mzee anayeanza kuyumba. Ni wako pia hata kama ubongo wako ni mzima ila umechoka. Njia ni zilezile, kinachotofautiana ni kiasi.

Hatua ya 1: Jua ni nini unachokisaidia

Weka kiganja kwenye paji la uso. Nyuma ya mfupa huo kuna lobu za mbele za ubongo, moja kushoto na moja kulia, ambazo kwa binadamu huchukua karibu theluthi moja ya gamba lote la ubongo. Sehemu yake ya nyuma kabisa huamuru misuli: ukiinua kidole, amri imetokea hapo. Upande wa kushoto, kwa walio wengi, kuna eneo la kuunda matamshi, ambalo daktari Mfaransa Paul Broca alilieleza mwaka 1861. Kinachotuhusu sisi ni kile kipande cha mbele zaidi, kilicholala juu ya macho na kupanda na paji. Ukikichokoza kwa umeme, hakuna mkono unaoruka wala mdomo unaotamka, ndiyo maana madaktari wa zamani walikiona kama sehemu bubu.

Aliyewafumbua macho ni Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, mwenye umri wa miaka 25. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, alikuwa anashindilia baruti ndani ya tundu la mwamba kwa mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi. Baruti ikalipuka. Mtaimbo uliingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea juu ya kichwa na kuangukia mbali. Baada ya dakika chache Gage alikuwa anazungumza, akapelekwa mjini akiwa ameketi wima kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Miaka 20 baadaye daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa hodari wa kupanga kazi na kuifuatilia aligeuka kuwa kigeugeu na mwenye matusi, anapanga mambo chungu nzima na kuyatupa kabla hayajaiva, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi napenda kipande wanachokiruka. Baadaye Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Kazi ile ina ratiba yake, barabara ni ileile, na kila alfajiri farasi wanataka kulishwa na kufungwa hatamu kwa mpangilio uleule. Alifariki mwaka 1860, kwa hiyo hakuna wa kumpima, lakini wapo watafiti wanaoona kwamba mpangilio wa nje ulimbeba pale wa ndani ulipovunjika. Karibu yote ninayoyaeleza hapa chini ni matawi ya wazo hilo moja.

Sasa, huko mbele kunafanyika nini hasa? Wataalamu huziita kazi za utendaji. Mimi nitasema usimamizi, kwa sababu ndicho kinachofanyika. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake walionyesha kwamba usimamizi huu una nguzo ambazo zinahusiana lakini zinaweza kutenganishwa. Walichunguza tatu: kujizuia, kugeuka kutoka jambo moja kwenda jingine, na kubadilisha kila mara yaliyomo kwenye kumbukumbu tendaji, yaani ile ya kushikilia jambo kichwani wakati unalifanyia kazi. Kupanga, kukadiria muda na kujikosoa vinajengwa juu ya hizo.

Kumbukumbu tendaji ina kisa kinachoionyesha vizuri. Nyani anaonyeshwa chakula kikifichwa mahali pamoja kati ya pawili. Pazia linashuka, anasubiri, linapanda, achague. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na mwenzake huko Marekani, na Kubota na Niki huko Japani, walitangaza kwamba kuna seli za neva katika ubongo wa mbele ambazo huendelea kufyatua ishara muda wote wa kusubiri, wakati hakuna cha kuona wala cha kufanya. Huo ndio ushikiliaji wenyewe. Lengo ambalo halionekani tena linabaki hai kwa sababu kuna seli zinalipigia makasia. Zikilegea, kinachoonekana ndicho kinachotawala, na siku ile kilichoonekana ni ndoo.

Eneo hili lina mitaa yake. Upande wa nje, pembeni juu, unahusika zaidi na kushikilia na kupanga. Ukiumia, mtu anapotea katikati ya kazi. Upande wa chini, juu ya macho, unapima thamani ya kitu na kuzuia tamaa. Ukiumia, mtu anaropoka, ananunua ovyo, anacheka msibani. Ukuta wa katikati, pale lobu mbili zinapotazamana, unatoa msukumo wa kuanza. Ukiumia huo, mtu anakaa. Anaweza kukaa kutwa nzima bila huzuni wala maumivu, akijibu vizuri akiulizwa, asianze lolote. Na usidhani lazima jeraha liwe mbele: eneo hili limefungamana kwa mizunguko na viini vilivyo katikati ya ubongo, hivyo kiharusi kidogo huko ndani kinaweza kuleta sura ileile.

Hatua ya 2: Tazama panapokatika, uandike

Kabla ya kubuni msaada wowote, chukua daftari na utazame kwa wiki moja bila kukosoa. Chagua kazi tatu au nne za kila siku, kama vile kuoga, kufua, kulipa bili au kujiandaa kutoka. Kila inapoharibika, andika ni wapi imeharibikia. Je, hakuanza? Alianza akapotelea njiani? Alivutwa na kitu kingine? Alimaliza hatua moja akairudia na kuirudia? Au alimaliza kazi vibaya na hakuona kwamba ni vibaya? Haya ni matatizo matano tofauti, na dawa ya moja haisaidii jingine. Anayeshindwa kuanza ukimpa orodha ndefu umemzidishia mzigo. Anayevutwa na vitu ukimpa kengele ya kumkumbusha, kengele nayo inakuwa kitu cha kumvuta.

Ipo michezo miwili midogo unayoweza kujaribu, si kwa ajili ya kutoa hukumu bali kukufundisha macho. Wa kwanza: mwambie, nikigonga meza mara moja wewe gonga mara mbili, nikigonga mara mbili wewe usigonge kabisa. Breki yake, yaani ile nguzo ya kujizuia, ikilegea, mkono wake utakuiga. Wa pili unahusishwa na Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefanya kazi na askari waliojeruhiwa kichwa katika Vita vya Pili vya Dunia: ngumi juu ya meza, kisha kiganja kimesimama kwa ubavu, kisha kiganja kimelala, rudia mfuatano huo. Mwenye shida ataanza vizuri, halafu atakwama kwenye ngumi, ngumi, ngumi, huku mdomo ukisema mfuatano sahihi.

Usishangae kama kwenye chumba cha daktari anafaulu kila kitu. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess walieleza wagonjwa watatu waliofanya vizuri kwenye vipimo vingi vya mezani, lakini walipotumwa kwenda madukani na orodha ya shughuli chache walivurugikiwa. Fikiria chumba cha kipimo kilivyo: meza imesafishwa, kitu kiko kimoja, mpimaji anasema anza, anasema acha, anasema sasa tufanye hili. Mpimaji ndiye ubongo wa mbele wa pale. Hivyo daftari lako lina ushahidi ambao kipimo kinaweza kuukosa. "Jumanne: alianza kupiga pasi, simu ikalia, akaiacha pasi juu ya shati akaenda kulala" inamsaidia daktari kuliko "amebadilika sana".

Na yapo ya kukimbiza hospitali, si ya kuandika. Uso kupinda ghafla, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika: huo unaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina uzito. Baada ya kugonga kichwa, maumivu yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au kuchanganyikiwa ni vya kwenda leo hii. Mabadiliko ya tabia yanayokuja polepole kwa mtu wa makamo, aliyekuwa mpole akawa mkavu, aliyekuwa na staha akawa hana, nayo yanastahili daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Upo ugonjwa unaodhoofisha lobu za mbele na za pembeni ambao daktari Arnold Pick alianza kuueleza mwaka 1892, na mara nyingi watu huuita ukorofi wa uzeeni kwa miaka kabla ya kujua. Sonona, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na hata dawa fulani za hospitali vinaweza kuigiza tatizo la usimamizi, na vyote hivyo vina namna ya kutibiwa. Kwa hiyo usianze na kadi za maelekezo nitakazozieleza hapa chini kabla hayo hayajachunguzwa.

Hatua ya 3: Toa kichwani, weka machoni

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoifanya vibaya kuliko zote.

Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba mtu hushika kichwani vitu takribani saba, kuongeza au kupunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan akapitia ushahidi upya, akaona kwamba ukimzuia mtu kurudiarudia moyoni au kufunga vitu mafungu, vinabaki kama vinne. Vinne, kwa mtu mzima aliyelala vizuri. Basi orodha ya hatua kumi na mbili iliyobandikwa ukutani inampendeza aliyeibandika tu.

Kadi yetu ya kufua iliishia kuwa hivi:

SUGUA KOLA
SUGUA MAKWAPA
SUUZA MARA MBILI
ANIKA

Mistari minne, kila mmoja unaanza na kitendo. Kuloweka hakumo kwa sababu daftari lilionyesha kwamba kuloweka hakumshindi. Kadi ni ya kuziba pengo, si ya kufundisha kufua. Hakuna "safisha vizuri", kwa sababu "vizuri" haina mwisho unaoonekana, na asiyeweza kujikagua atasugua kola ileile mpaka jioni. "Mara mbili" ina mwisho. Tuliibana kadi kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa beseni, si kwenye mlango, maana kadi iliyoko mlangoni inataka ukumbuke kwenda kuitazama, na hilo ndilo lisilowezekana. Sabuni tuliiweka juu ya kadi. Ukitaka sabuni unaona kadi, ukisoma kadi umeshika sabuni.

Kwa mambo ya saa, tumia kengele ya simu, lakini ipe maneno. Kengele tupu inamwambia kuna jambo, halafu inamwachia kazi ya kukumbuka ni jambo gani. Iandikwe "Meza kidonge cheupe sasa", na kidonge kiwe hapohapo simu ilipo. Akizima kengele kabla hajameza, mpango umekufa. Afundishwe kuiacha ilie hadi ameze.

Neno kwa wanaosema kwamba kumwandikia mtu kunamlemaza. Rubani ana orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, daktari wa upasuaji anayo, na hakuna anayewaita walemavu wa akili.

Hatua ya 4: Fupisha njia ya kuanza

Kwa aliyepungukiwa msukumo, hotuba haisaidii. "Hebu jitahidi" ni kumwomba atumie kiungo kilekile kilichoumia.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika kwa kirefu kuhusu jambo hili mwaka 1999, alionyesha tofauti kati ya kukusudia jambo na kulifunga kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Tukio likifika, kitendo kinajiita chenyewe badala ya kusubiri uamuzi. Wanaotumia lugha nyingine wanahitaji maneno mawili matatu kujenga sentensi hiyo. Sisi tuna -ki-. Nikiweka kikombe chini, natandika kitanda. Nikivua viatu, naning'iniza ufunguo. Nikizima kengele, nashika mswaki. Aitamke mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, jioni na asubuhi, na iwe moja tu kwa wiki ya kwanza. Tukio liwe la kuguswa au kuonekana: "nikipata nafasi" si tukio, wala "nikijisikia".

Kitendo cha kwanza kiwe kidogo hadi kionekane cha kipuuzi. Usimwambie "fua", mwambie "shika sabuni". Mara nyingi mkono ukishashika, mengine yanafuata kwa mazoea, kwa sababu mazoea yamehifadhiwa mbali na jeraha, kwenye viini vya ndani ya ubongo. Ikibidi umguse kiwiko, mguse, kisha unyamaze. Maneno mengi wakati mtu anajaribu kuanza ni kelele juu ya redio inayotafuta stesheni.

Hatua ya 5: Ondoa ndoo

Mwaka 1983 daktari wa Ufaransa, François Lhermitte, alieleza wagonjwa wenye majeraha ya ubongo wa mbele ambao, wakiwekewa kitu mbele yao, wanakitumia bila kuambiwa. Ukiweka jagi na glasi, wanamimina na kunywa. Ukiweka miwani, wanavaa, na ukiongeza nyingine, wanavaa juu ya ile ya kwanza. Wakiulizwa kwa nini, walidhani wametakiwa wafanye hivyo. Kitu chenyewe kimetoa amri.

Wewe na mimi tunazipokea amri hizo kutwa. Tofauti ni kwamba kuna anayezikataa kwa niaba yetu. Naandika haya simu ikiwa chumba cha pili, na haimo humu kwa sababu asubuhi ilikuwa hapa na niliishika mara nne bila kupigiwa wala kutumiwa ujumbe. Nilikuwa natafuta saa, nikatazama picha, nikaiweka chini, na saa sikuiona.

Kwa hiyo, kabla ya kazi, safisha meza mpaka vibaki vya kazi hiyo peke yake. Usimwambie asishike ndoo. Iondoe. Kila katazo linatumia breki, na breki ndiyo inayopungua. Kama ni matumizi ya pesa, mkoba ubaki na kiasi cha siku. Kama ni maneno makali mbele ya wageni, kaa naye upande wa mlangoni na mkubaliane alama ya mkono ya kutoka. Kishawishi kilichoko nje ya macho kinahitaji nguvu ndogo mno kukishinda kuliko kilichoko mkononi.

Hatua ya 6: Geuza kwa taarifa

Upo mchezo wa kadi ambao Brenda Milner wa Montreal aliutumia kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa ubongo, akatangaza matokeo mwaka 1963. Unapanga kadi kwa rangi, kwa umbo au kwa idadi, na mpimaji anakwambia tu sahihi au si sahihi. Ukishazoea rangi, anabadilisha kanuni kimyakimya. Watu wengi hukosea mara mbili tatu, wakageuka. Wagonjwa wa Milner walioondolewa sehemu ya nje ya ubongo wa mbele waliendelea na rangi, wakiambiwa si sahihi, si sahihi, si sahihi.

Nyumbani hii inaonekana kama ukaidi. Usibishane nayo. Toa taarifa dakika tano kabla, kisha moja kabla, kwa maneno yaleyale. Ipe kazi ya zamani alama ya mwisho inayoguswa: funga daftari, geuza kiti, nawa mikono. Badilisha jambo moja kwa wakati. Basi.

Hatua ya 7: Mfundishe kusimama

Chagua neno moja, "simama", na maswali mawili: nilikuwa nafanya nini, na sasa nafanya nini? Majibu yakilingana, endelea. Yasipolingana, rudi kwenye kadi. Mwanzoni utayauliza wewe, kila dakika chache, kwa sauti ya kawaida isiyo na shutuma. Kisha atayasema yeye kwa sauti. Baadaye kwa mnong'ono. Usimharakishe kuyafanya kimoyomoyo. Watoto wadogo hujiongoza kwa kuongea peke yao kwa sauti kabla ya sauti hiyo kuingia ndani, na mtu mzima anayejifunza upya hana sababu ya kuionea aibu njia hiyo.

Ugumu uko kwa asiyeona kosa lake. Ukimwambia kola bado chafu, atakwambia ni safi, na anaamini. Hapo maneno yako hayana thamani. Mpe kitu cha kulinganisha. Sisi tuliweka kola safi na kola yake kando kwa kando juani. Hakusema kitu. Alichukua sabuni.

Hatua ya 8: Chunga usingizi, pombe na msongo

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula takribani asilimia 20 ya nishati yake mwili ukiwa umepumzika, na eneo la mbele ni jepesi kuyumba mambo yakienda kombo. Linataka dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za neva, kwa kiasi cha wastani: zikipungua linasinzia, zikifurika wakati wa hofu au hasira linazimika na kuacha sehemu za ndani ziongoze. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kulionyesha hilo. Ndiyo sababu kumfokea mtu ili azingatie hufanya kinyume, na ndiyo sababu kazi ngumu ya siku iwekwe baada ya usingizi, si baada ya mzozo. Pombe hulegeza breki kabla haijalegeza miguu. Kwa aliyeumia kichwa, hata kidogo ni nyingi.

Kwa kijana, kumbuka eneo hili ni miongoni mwa yanayochelewa kukomaa, hadi miaka ya ishirini na kitu. Michezo ya simu inayoahidi kuongeza akili mimi siwanunulii watu. Humfanya mtu awe hodari wa mchezo huo, na uhodari wenyewe hausafiri mbali. Kutembea kwa miguu kila siku kuna faida zaidi.

Hatua ya 9: Ondoa mkono wako kidogo kidogo

Kazi ikifanyika vizuri siku kadhaa mfululizo, punguza jambo moja tu. Acha kumgusa kiwiko lakini kadi ibaki. Kisha simama nje ya mlango. Kisha futa mstari mmoja wa kadi. Ikiharibika, rudisha kile ulichoondoa mwisho, bila hotuba. Vitu vingine havitaondoka kamwe, kama vile kengele ya dawa, na hakuna ubaya.

Yule jamaa wa shati ndiye aliyenitangulia safari hii. Wiki ya sita aliniambia, "Kaka, toa hiyo karatasi, inalowa bure." Nikaitoa. Akafua, akasuuza mara moja tu, akakamua, akasimama na shati mkononi akitazama ukingo wa beseni pale kibanio kilipokuwa. Alitazama kwa muda. Halafu akamwaga maji na kuchota mengine.